Kutoka picha ya mnato mpaka kuwa dairekta: hapo katikati panatokea nini?

Haipiti wiki bila kijana mmoja kunitumia meseji ya namna hii: kaka shikamoo, mi napiga picha mwaka wa nne sasa, harusi, sendofu, mahafali pale Malimbe, nataka nihamie kwenye filamu niwe dairekta, ninunue kamera gani?

Na mi kila mara naanza kuandika jibu refu afu nafuta, maana swali lenyewe lina fundo ndani, ukilijibu lilivyo unampoteza mtu pamoja na hela yake. Kwa hiyo leo naandika yote kwa pamoja, polepole, na nitapita kwenye maisha ya watu waliotembea njia hiyo kweli.

Fundo liko hapa. Watu wengi wanaamini dairekta ni mpiga picha aliyepanda cheo. Unaanza na picha za mnato, unahamia video, ukiizoea video unakuwa kameramani, kameramani akipata kamera kubwa anakuwa dairekta, kama vile kondakta wa daladala ya Buhongwa anavyongoja siku moja apewe usukani. Sio hivyo kabisa. Kameramani mkuu kwenye filamu anashika mwanga, lenzi na fremu, kazi nzito na ya heshima kubwa, na wapo wanaoifanya maisha yao yote bila kutamani kingine. Dairekta anashika hadithi: nani ajue nini na ajue saa ngapi, huyu aingie kwa mlango upi, anyamaze muda gani kabla hajajibu, tumtazame yeye akiongea au tumtazame yule anayesikiliza. Wapo waongozaji wakubwa duniani ambao hawajawahi kuishi kwa kupiga picha hata siku moja. Na wapo wapiga picha hapahapa Mwanza, mkono wao ni balaa, ukiwapa waigizaji wawili wagombane kwenye sini moja hawajui waanzie wapi.

Lakini wapo waliotoka kwenye picha wakawa waongozaji wa kutisha, na ukiangalia vizuri walivyovuka unaona picha iliwasaidia wapi na iliwakwamisha wapi.

Nnayempenda kuliko wote ni Stanley Kubrick, Mmarekani, kazaliwa New York mwaka 1928 akakulia Bronx. Baba yake alikuwa daktari, na dogo alipofika miaka 13 akapewa kamera, Graflex. Shuleni hakuwa mtu wa alama ila kamera haikumtoka shingoni. Aprili 1945 Rais Roosevelt akafariki, nchi nzima msiba, dogo anapita akamwona muuza magazeti kakaa kibandani, vichwa vya habari vya kifo vimemzunguka kila upande. Akapiga. Jarida la Look likainunua ile picha kwa dola 25, yeye ana miaka 16.

Sasa ndani ya ile stori kuna kitu wengi wanakiruka. Inasimuliwa kwamba Kubrick alimbembeleza yule muuza magazeti aonyeshe huzuni zaidi. Yaani picha yake ya kwanza kuuza, tayari kamwelekeza mtu acheze! Mwandishi wa habari hapo atanuna na ana haki ya kununa, picha ya habari haitakiwi kuguswa. Ila mi nikiitazama naona pale ndo dairekta kazaliwa. Aliitaka hisia fulani, akaona haijakaa, akaongea na binadamu mwenzake mpaka ikakaa, ndo kamera ikafuata. Na usidhani ni mambo ya New York, sisi wa harusi tunafanya hivyo kila Jumamosi. Bibi harusi tazama chini kidogo, mfikirie mama ulivyomwacha mlangoni, na chozi linakuja lenyewe. Kama wewe kijana unalijua hilo neno la kumwambia, na unajua la huyu sio la yule, basi kitu cha kwanza cha udairekta unacho tayari, na hukukinunua dukani.

Look wakamchukua kazini 1946, akakaa mpaka 1950. Hiyo miaka minne ndo chuo chake, na cha kuangalia ni aina ya kazi waliyokuwa wanampa. Jarida la picha la zama zile halikutaka picha moja kali, lilitaka mfululizo, kurasa kadhaa za mtu mmoja au sehemu moja, msomaji akifunua aone mwanzo na mwendelezo. Januari 1949 wakachapa mfululizo wake wa bondia mmoja, Walter Cartier. Kubrick alimfuata yule bondia mazoezini, nyumbani, ulingoni, na ukishamfuata mtu hivyo unaanza kuuliza maswali ambayo picha moja haikuulizi: kabla ya ngumi anafanya nini? Nani yuko naye? Anaogopa saa ngapi?

Kwa hiyo alipotaka kutengeneza filamu hakwenda kutafuta hadithi ya mbali. Alirudi kwa bondia yuleyule. Akakodi kamera, akamchukua rafiki yake wa shule Alexander Singer, wakarekodi siku ya pambano tangu bondia anaamka na pacha wake, wanaenda kanisani, masaa ya kungoja yale yasiyoisha, mpaka usiku ulingoni, kila mmoja na kamera yake maana pambano halirudiwi. Ikatoka filamu fupi mwaka 1951. Ilimgharimu dola kama 3,900 na kampuni ya filamu ya RKO ikainunua kwa dola 4,000. Faida mia moja tu, na tayari alishaacha kazi ya mshahara! Nikifikiria ile hesabu na umri wake, miaka 22, nasisimka mpaka leo.

Hapo ndo daraja lenyewe lilipo. Hakuruka kutoka picha moja kwenda filamu, alivuka kutoka mfululizo wa picha kwenda filamu, na mtu ni yuleyule ambaye tayari anamjua usingizi wake na chakula chake.

Halafu akaanguka. Filamu yake ndefu ya kwanza, ya 1953, hadithi ya wanajeshi waliopotea nyuma ya mstari wa adui, hela ilitoka kwa mjomba wake mwenye maduka ya dawa. Kamera kashika mwenyewe, kaongoza mwenyewe, kaediti mwenyewe. Na ili kubana matumizi akaamua wapige picha bila kurekodi sauti, sauti wataweka baadaye. Ni wazo la mpiga picha kabisa hilo, la mtu aliyezoea kwamba kazi ni kinachoonekana. Sauti ikaja kumla hela kuliko hata kupiga zile picha zenyewe, na baadaye maishani hakutaka watu waione ile filamu.

Mi hapa naongea kwa uchungu maana nimepita palepale. Mwaka ule najaribu filamu yangu fupi ya kwanza nilienda Igombe, mwaloni, alfajiri mitumbwi ya dagaa inarudi, taa bado zinawaka juu ya maji, kinamama wanashusha ndoo wanatandaza dagaa kwenye mchanga na kwenye vichanja. Mwanga ule asikwambie mtu. Nikarekodi siku tatu, nikarudi nyumbani nikafungua kompyuta, kila fremu ungeweza kuitundika ukutani. Sauti? Upepo wa ziwa na mashine za mitumbwi, basi. Mama mmoja nilikaa naye karibu saa nzima ananieleza jinsi alivyosomesha watoto kwa dagaa, naona midomo inacheza, naona macho yanalengwa machozi, sisikii neno hata moja. Nilirudi kumwomba arudie, akakubali kwa upole wake, ila haikuwa ileile tena, alikuwa anakumbuka alichosema badala ya kukumbuka kilichompata.

Na sauti haikuwa tatizo peke yake, lililofuata lilinitesa zaidi. Zile shoti, vile vipande vya video, hazikuungana. Nilikaa kwenye kuediti wiki mbili naziweka hivi naziweka vile, kila moja nzuri, zikikaa pamoja hamna kitu. Nilikuja kuelewa baadaye sana kwamba picha ya mnato inajitosheleza na shoti ya filamu haitakiwi ijitosheleze. Picha nzuri inafunga mlango, unaitazama unaridhika, umemaliza. Shoti nzuri inakuacha na kiu kidogo, unataka inayofuata. Mpiga picha kafundishwa miaka yote kubana kila kitu ndani ya fremu moja, sasa akija kwenye filamu anafanya hivyohivyo mara mia mbili na mtazamaji anachoka dakika ya tatu bila kujua kwa nini.

Chukua mfano huu. Mama kasimama ufukweni Igombe anatazama kule ziwani, uso hauonyeshi chochote. Shoti inayofuata, ziwa tupu, hakuna hata mtumbwi. Mtazamaji anasema moyoni, huyu ana mtu wake hajarudi. Sasa toa ile ya ziwa tupu weka mawingu meusi yanakuja kutokea upande wa visiwa: mama yuleyule, uso uleule, sasa anaogopea dagaa wake waliotandazwa wasije kulowa na mvua wakaharibika. Weka mtoto anacheza kwenye kina kirefu, ni jambo la tatu kabisa. Uso haujabadilika hata kidogo! Maana haiko ndani ya fremu, iko kwenye mpasuko kati ya shoti na shoti, na huko mpiga picha hajawahi kufanya kazi, ni nchi ngeni kwake. Filamu ni picha 24 kila sekunde, ndo maana watu wanadhani ukijua moja unazijua zote 24.

Sasa nisije nikaonekana naiponda picha, maana miaka ya kamera inampa mtu silaha ambayo waongozaji wengine hawana. Mwaka 1956 Kubrick yuko kwenye filamu ya wizi wa hela kwenye mbio za farasi, mara ya kwanza anafanya kazi na kameramani mkubwa wa Hollywood, Lucien Ballard, mtu mzima mwenye jina, na yeye Kubrick ana miaka ishirini na kitu. Singer, yule rafiki yake, ndo aliyesimulia. Kubrick aliagiza lenzi ya milimita 25, ile pana, kamera ikae karibu na waigizaji. Ballard akairudisha kamera nyuma akaweka lenzi ya 50, ndefu zaidi, akasema mzee ukubwa wa watu kwenye fremu ni uleule hakuna kitakachobadilika. Kubrick akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, rudisha ilipokuwa, au ondoka na usirudi. Ballard akairudisha.

Kwa nini agombane kwa lenzi? Nenda pale kwenye mwamba wa Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga, umsimamishe mtoto ufukweni. Msogelee na lenzi pana: mtoto mkubwa, mwamba unaonekana mdogo, uko mbali kule majini. Sasa rudi nyuma hatua nyingi, weka lenzi ndefu mpaka mtoto awe na ukubwa uleule kwenye fremu: mwamba umemsimamia mgongoni kama unataka kumwangukia. Mtoto ni yule, ukubwa ni ule, lakini kwenye ya kwanza yuko huru na dunia yake na kwenye ya pili ana kitu kinamlemea. Na kamera ikitembea tofauti inazidi, kwenye lenzi pana vitu vya karibu vinakupita kwa kasi. Ballard alikuwa anaongelea ukubwa, Kubrick anaongelea hisia, na kwa sababu alishalala na lenzi miaka kumi hakuna mtu angeweza kumdanganya. Hilo ndo faida yenyewe. Seti nyingi dairekta asiyejua lenzi anaambiwa hiyo haiwezekani bosi, anakubali, filamu inakuwa ya kameramani.

Ina ubaya wake pia. Kwenye ile filamu kubwa ya watumwa wa Kirumi ya 1960 alimwingilia sana kameramani wake, Russell Metty, mpaka yule akalalamika hana kazi ya kufanya, halafu mwishowe Oscar ya upigaji picha ikaenda kwa Metty maana ndo jina lililoandikwa. Ukitoka kwenye kamera inabidi ujifunze kuiachia, na mkono unawasha kweli, mi mwenyewe nikimwachia mtu kamera nasimama nyuma yake kama mzazi mlango wa leba.

Njia ya Kubrick sio pekee. Agnès Varda, kazaliwa 1928 huyu naye, Ubelgiji, akawa mpiga picha wa jumba la maigizo Ufaransa, kazi yake kupiga waigizaji jukwaani. Alikuwa ameona filamu chache mno maishani. Mwaka 1954 akachukua kamera akaenda Sète, mji wa pwani ya kusini aliokaa enzi za vita akiwa binti, mtaa wa wavuvi unaoitwa La Pointe Courte, na filamu akaipa jina la mtaa. Ndani kuna wanandoa wanaotafakari kama waendelee au waachane, hao ni waigizaji wa kazi, na kuna wavuvi wenyewe wa mtaani wanacheza maisha yao, nyavu, watoto, ugomvi na wakaguzi kuhusu sehemu za kuvua. Mvuvi wa Kayenze akiiona ile ya ukaguzi hahitaji tafsiri. Watu waliofanya kazi waliweka nguvu zao kama hisa, hela ilikuwa hamna. Ikatoka 1955, kabla ya lile wimbi jipya la filamu za Kifaransa ambalo baadaye walisema yeye alilitangulia. Ila na yeye alihitaji mtu wa kuunganisha, kuediti akaifanya Alain Resnais. Jicho alikuwa nalo, mpasuko kati ya shoti na shoti akaazima kwa mwingine, na hakuna aibu hapo. Alipiga picha na kutengeneza filamu mpaka uzeeni, 2017 akapewa Oscar ya heshima.

Na Gordon Parks, ambaye kila kijana mweusi mwenye kamera anatakiwa amjue. Kazaliwa 1912 Fort Scott, Kansas, maskini, kamera ya kwanza kainunua duka la rehani kwa dola 7 na senti 50. Mwaka 1948 akaingia jarida la Life, mpiga picha wa kwanza mweusi kuajiriwa pale, akakaa zaidi ya miaka ishirini anafanya mifululizo ya familia na mitaa. Akaandika riwaya ya utoto wake, ikatoka 1963, na 1969 akaigeuza filamu chini ya Warner Bros., Mmarekani mweusi wa kwanza kuongoza filamu ya studio kubwa ya Hollywood. Skripti kaandika yeye, muziki katunga yeye, na akarudi kuirekodi kulekule Fort Scott. Miaka 56 na ushee alikuwa nayo. Nawaambia vijana wanaolia wamechelewa wakiwa na 27, mtazameni huyo mzee. Na tazama tena, hata yeye ni mfululizo wa picha, halafu hadithi anayoijua mpaka mifupani, ndo filamu.

Nirudi kwa Kubrick kidogo kwenye kamera maana swali lilikuwa la kamera. Kwenye filamu yake ya 1975, yenye hadithi ya karne ya 18, alitaka vyumba vya usiku vimulikwe na mishumaa peke yake. Akapata lenzi za Zeiss za milimita 50 zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, zinafunguka mpaka f/0.7, na hiyo namba ikiwa ndogo ndo tundu la mwanga linakuwa kubwa. Zile lenzi zetu nzuri za harusi zinazofika 1.4, hii inaingiza mwanga mara nne yake. Lakini fokasi, ile sehemu inayoonekana wazi, inakuwa nyembamba kiasi kwamba mwigizaji akiinama kidogo tu kuchukua glasi kashapotea, kwa hiyo ilibidi wakae wametulia, wajongee taratibu, na utulivu ule ndo ukawa roho ya zile sini, watu wa tabaka la juu wamekaa kama wamechorwa. Kamera ilikuja kutumikia jambo alilokwisha kuliamua. Miaka 25 ilikuwa imepita tangu aache kazi ya Look.

Kwa hiyo kijana wangu, jibu la ununue kamera gani ni kwamba usinunue. Uliyonayo inatosha. Tafuta mtu mmoja, mbeba mizigo wa Mwaloni Kirumba, fundi viatu wa Makoroboi, bibi yako, mfuate mwezi mzima kwa picha za mnato, asubuhi na usiku na siku asiyokuwa na kazi. Chapisha kumi na mbili, zitandaze sakafuni, uzipange mpaka mtu asiyemjua aelewe bila wewe kufungua mdomo. Toa moja. Kama hakuna kilichobomoka, hiyo ilikuwa nzuri tu, haikuwa na kazi. Zikishasimama ndo uende kwa yule mtu na video, dakika kumi zisizidi, na kabla ya kwenda azima maiki nzuri, ukaisikilize kwa hedifoni hapohapo mwaloni, sio ukifika nyumbani.

Mi mwenyewe yule mama wa Igombe nimeshaongea naye, amenisogezea tarehe mara mbili maana mwezi ulikuwa mkubwa na dagaa hawavuliwi vizuri mwezi ukiwaka. Giza likiingia narudi. Kamera atashika mwingine, mi nitakaa naye kwenye mchanga.